Sauti ya Namba Saba

Shule ilifungwa siku ya Ijumaa, na ilipofika Jumatatu saa tatu asubuhi Eugénie Lwaboshi alikuwa ameshaelewa kwamba likizo hii haitamwacha salama. Wiki sita za watoto kukaa nyumbani. Wiki hizo hizo sita ndizo zilizobaki kabla ya tasnifu yake ya shahada ya uzamili kutakiwa Lilongwe. Muhula mzima alikuwa akiandika asubuhi, wakati Darlène yuko darasani. Sasa Darlène, miaka saba, meno mawili ya mbele yameng'oka, alikuwa ameketi mbele yake mezani akiuliza kama samaki wanalala.

Hakuwa na wa kumwachia. Noël, baba wa mtoto, alikuwa amekwenda Afrika Kusini kutafuta kazi, mwaka wa pili huu, na simu zake zilikuja kwa nadra, kama mvua ya Agosti. Ndugu zake Eugénie wote walibaki Bukavu, Kongo. Basi akafanya lile ambalo mama yeyote aliyechoka hulifanya: alimpa mtoto simu acheze, naye akarudi kwenye karatasi zake.

Tatizo ni kwamba simu ile haikuwa ya kuchezea. Ndani yake mlikuwa na sauti za wanawake.

Utafiti wa Eugénie ulikuwa juu ya siku ya kuondoka: mwanamke anaamuaje kwamba leo ndiyo leo, anabeba nini, anaacha nini. Alikuwa amewahoji wanawake kumi wa hapo kwenye kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, Wakongo na Warundi. Kila mmoja alimpa namba badala ya jina. Kabla ya kuwasha kinasa sauti alimsomea kila mmoja karatasi ya ahadi, sentensi kwa sentensi, kwa Kiswahili: sauti yako nitaisikia mimi na msimamizi wangu tu, hakuna mwingine. Aliyejua kuandika aliweka sahihi, asiyejua aliweka dole gumba. Rekodi zilitakiwa kukaa kwenye simu yenye namba ya siri, zihamishiwe kwenye kompyuta, kisha zifutwe. Sita alikuwa ameshazihamisha. Nne zilikuwa bado.

Na namba ya siri aliiondoa kwenye simu siku ya pili ya likizo. Darlène alikuwa akimwita kila dakika tano, "Mama, imejifunga tena, fungua," hata Eugénie akapoteza sentensi aliyokuwa akiiandika mara ya nne. Akaiondoa. Alijiambia ni kwa leo tu.

Alhamisi ya wiki ya pili, saa kumi jioni, alikuwa akirudi kutoka kwenye pampu na ndoo ya maji kichwani aliposikia watoto nyuma ya nyumba yake. Upepo wa kiangazi ulikuwa ukipeperusha vumbi, na sauti zao zilimfikia vipande vipande.

"Leo mi sitaki kufa," mtoto mmoja alikuwa akilalamika, kwa Kiswahili cha Kongo walichozoea watoto wa hapo. "Jana mi njo nilikufa."

"Apana, we njo papa," Darlène akajibu kwa sauti ya mkubwa mwenye amri. "Papa njo anafungua mlango. Papa njo anakufa."

Eugénie alitaka kutabasamu. Watoto wa hapo walicheza michezo ya kila namna, na si yote ilikuwa mizuri. Alikunja kona ya nyumba, akawaona. Walikuwa wanne. Walichora mstari mavumbini, huo ndio mlango. Nje ya mstari alisimama Kaneza, binti wa kinyozi Mrundi, Bucumi, rafiki wa Darlène tangu darasa la kwanza. Kaneza alijinyoosha kama mtu mzima, akakohoa. Kikohozi kikavu, kidogo, mara tatu. Kisha akasema kwa upole sana, "Fungueni. Hatuna ubaya."

Darlène alikuwa amechuchumaa upande wa ndani, amejifunga kikwembe, kitenge cha mama yake. Alipofungua kinywa, haikutoka sauti ya mtoto wa Bukavu. Ilitoka sauti ya mwanamke wa Kirundi, mtu mzima, inayotembea taratibu.

"Nikamwambia mume wangu, usifungue. Akaniambia, mtu anayekohoa vile ni mgonjwa, na mgonjwa hawezi kuua. Akafungua." Hapo Darlène akanyamaza kidogo, akameza mate. "Mimi nilibaki chini ya kitanda. Nilichokiona ni kiatu. Kiatu kimoja kilibaki mlangoni."

Mtoto aliyelazimishwa kuwa baba akavua ndala moja, akaiweka juu ya mstari, akajilaza mavumbini.

Ndoo haikuanguka. Eugénie aliitua polepole, kama mtu aliyeona nyoka na hataki nyoka ajue. Hayo yalikuwa maneno ya Namba Saba, neno kwa neno, mpaka pale mwanamke yule alipomeza mate kwenye rekodi, dakika ya kumi na nane. Eugénie mwenyewe aliyanukuu wiki iliyopita. Alijua pia yanayofuata, katika dakika ya ishirini na moja, yale ambayo hakuyanukuu kabisa kwa sababu yalimtisha: *Mtu huyo yuko hapa. Nilimtambua kwa kikohozi. Yuko hapa hapa Dzaleka, ana watoto, ananyoa watu.* Jina mwanamke yule hakulitaja, na Eugénie hakulitafuta. Vinyozi walikuwa wengi. Alikuwa akipita mbele yao huku ameinamisha macho, asije akajua.

Kaneza akacheka. "Papa yangu pia anakohoaka vile vile," akasema. "Njo maana mi najua kufanya."

Eugénie aliwarudisha watoto wa watu makwao bila kupandisha sauti. Alimwingiza Darlène ndani, akafunga mlango na komeo, akapiga magoti mbele yake.

"Ulisikia wapi ile hadisi?"

"Mu simu." Mtoto alikwisha kuona uso wa mama yake, na midomo ilianza kumcheza. "Zile za namba. Ile ya saba njo nzuri. Ule mama anasemaka kama anakuhadisia."

"Uliisikia mpaka mwisho?"

"Apana. Ni ndefu. Nilikuwa narudisha tu pale pa kiatu."

"Mlicheza mara ngapi?"

"Leo. Na jana. Na juzi."

"Wapi?"

"Jana na juzi, kwa kina Kaneza. Nyuma ya salon ya papa yake."

"Kuna mukubwa aliwaona?"

Darlène alifikiri. Alikuwa mtoto mkweli, na kila kitu alikumbuka vizuri mno. "Papa ya Kaneza. Alikuwa ananyoa muntu. Kaneza alikohoa, tukacheka, na yeye akazima mashine. Akatuangalia. Akamwambia ule muntu asubiri kidogo, akakuja akasimama pale mpaka tulimaliza."

"Halafu?"

"Halafu akauliza nani alitufundisha. Nikasema mi." Machozi yakamtoka. "Mama, nilikosa nini?"

Usiku ule Eugénie hakuandika. Alisukuma meza hadi mlangoni. Hofu ilimpa hesabu ya kila kitu: nani anapita, mbwa gani anabweka. Aliwaza pia jambo la aibu, na hakuweza kujizuia kuliwaza: nikiifuta rekodi sasa hivi, nikanyamaza, nani atajua? Watoto watasahau. Kesho watacheza mchezo mwingine. Alishika simu mkononi muda mrefu. Kisha akarudisha namba ya siri, na asubuhi akampigia msimamizi wake simu, akamwambia anakuja.

Alimchukua Darlène, kumwacha hakungewezekana tena. Alitia kwenye mkoba barua ya ruhusa ya kutoka kambini na kumwonya mtoto asiongee kwa sauti wakiwa mjini, kwa sababu kule Kiswahili kinawatambulisha haraka kuwa wakimbizi. Safari nzima Darlène alikaa amebana midomo kama aliyekatazwa kupumua.

Msimamizi, Daktari Nyirongo, alikuwa mwanamke Mmalawi wa makamo, mwenye ofisi ndogo katika jengo moja la City Centre, Lilongwe. Alimpa Darlène Fanta, akamketisha kwenye benchi la ukumbini mahali wanapoweza kumwona kupitia kioo, akafunga mlango. Walizungumza Kiingereza. Eugénie alisimulia yote bila kujitetea, hata habari ya namba ya siri. Alitarajia kufokewa. Alitarajia kuambiwa kwamba masomo yake yameishia hapo.

Daktari Nyirongo alivua miwani. "Namba Saba amesema nini?"

"Bado hajui."

"Hajui?"

"Nimeona nije kwako kwanza."

Yule mama alimtazama. Hakukuwa na ukali machoni pake, na hilo ndilo lililouma. "Eugénie, hii ripoti ya kamati ya maadili tutaiandika. Chuo kitasema litakalosemwa. Lakini umepanda basi kuja kuniambia mimi, niliye salama ofisini, na umemwacha yeye aamke leo kama jana. Umeogopa shahada yako kwanza."

Eugénie akageuza macho kwenye kioo, kwa Darlène.

"Nami ni mama," Daktari Nyirongo akasema, akiandika namba ya simu kwenye kikaratasi. "Nimeandika sura nzima za kitabu na mtoto mgongoni. Sikulaumu kwa kumpa simu. Nenda kwake sasa. Ukitoka kwake, nendeni pamoja ofisi ya ulinzi wa wakimbizi, kabla haijafungwa. Afisa ninayemjua ni huyu. Nitampigia mimi mwenyewe."

Walirudi Dzaleka saa nane mchana. Eugénie alikusudia kwenda moja kwa moja kwa Namba Saba, ila Darlène alikuwa amebana mkojo tangu mjini, na choo chao kilikuwa njiani. Ndipo walipomkuta.

Bucumi alikuwa ameketi kwenye tofali mbele ya mlango wao. Alikuwa mtu mwembamba, nadhifu, mwenye shati lililopigwa pasi, na nywele ndogo ndogo za watu zilikuwa zimemganda kwenye viwiko. Alisimama kwa heshima alipowaona.

"Odi, Mama Darlène," akasema, kana kwamba yeye ndiye angekaribishwa. Akakohoa. Mara tatu.

Darlène akajificha nyuma ya mama yake. Eugénie alihisi vidole vya mtoto vikishika kikwembe chake kwa nyuma. Ilikuwa mchana kweupe. Jirani alikuwa akianika mahindi hatua ishirini kutoka pale. Kijana wa kabaza, teksi ya baiskeli, alipita akipiga kengele. Hakuna kati ya hayo lililomsaidia.

"Karibu, Papa Kaneza," akasema. Hakufungua mlango.

"Nasikia unaandika habari za watu."

"Niko nasoma tu."

"Ni vizuri. Watu wasipoandika, mambo yanapotea." Sauti yake ilikuwa laini, sauti ya mtu aliyezoea kusema karibu na masikio ya wengine. "Binti yangu amejifunza mchezo kwenu. Anakohoa, anasema fungueni. Nilimuuliza, akaniambia ni hadisi ya Darlène."

"Batoto wanacheza mambo mengi."

"Mengi, ndiyo." Aliangalia mikono yake, akapangusa nywele kwenye kiwiko. "Mimi nina swali moja, Mama Darlène, halafu nitakwenda. Kiatu. Mimi kiatu sikumbuki. Milango ilikuwa mingi siku zile, huwezi kujua upi ni upi. Kwa hiyo najiuliza: nani aliona kiatu?"

Mtu alikuwa amesimama mbele ya mlango wake, juani, amekiri jambo zima kwa upole wa mtu anayeuliza bei ya nyanya, na alichotaka ni jina tu. Eugénie aliwaza kupiga kelele. Aliwaza Kaneza, meno yake, kicheko chake. Aliwaza mtoto wake anayesema ukweli kila anapoulizwa.

"Sina jina la kukupa," akasema. "Na ningekuwa nalo, singekupa."

Bucumi akaitikia kwa kichwa taratibu, kama aliyesikia alichokitarajia. Kisha akainama, mikono magotini, uso wake ukawa sawa na wa Darlène aliyechungulia ubavuni mwa mama yake.

"We binti mzuri," akasema. "Ile sauti uliyoiga. Ni ya nani?"

Eugénie hakuweza kusogea. Alitaka kumziba mtoto mdomo, na mkono haukunyanyuka.

Darlène alimtazama yule mtu. Halafu akajibu kwa Kichewa, lugha ya darasani, ile wanayomjibia mwalimu anapouliza nani amevunja chaki. "Sindikudziwa," akasema. Sijui.

"Hujui?"

"Sindikudziwa."

Bucumi alibaki ameinama muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Kisha akanyooka, akasema zikomo, yaani asante, akaenda zake bila haraka, akimsalimia jirani wa mahindi njiani.

Eugénie hakungoja. Hata chooni hawakwenda. Mtoto alikuwa amekwisha kujikojolea, mkojo ukamtiririka mpaka kwenye soksi. Alimbeba, japo alikuwa mzito, akapita njia ya mbali kuzunguka soko, akigeuka nyuma kila hatua kumi. Kwenye uchochoro mmoja alisimama na kuhesabu watu waliopita. Hakumwona Bucumi. Hilo halikumtuliza.

Namba Saba jina lake lilikuwa Irangabiye, fundi wa nguo wa miaka hamsini na kitu, anayeishi peke yake upande wa pili wa makazi. Alikuwa akishona sare ya shule mlangoni pake. Alipomwona Eugénie na mtoto mgongoni, hakusimamisha cherehani.

"Mama Darlène, mbona mbio? Mtoto anaumwa?"

"Maman Irangabiye, tuingie ndani."

Waliingia. Eugénie alibaki amesimama. Alimwambia kila kitu, safari hii akianza na mwisho: kwamba Bucumi anatafuta aliyeona kiatu. Halafu simu, mchezo, siku tatu. Alipomaliza, upepo ulikuwa ukichezea karatasi ya plastiki dirishani.

"Ulijua lini?" Irangabiye akauliza.

"Jana."

"Jana saa ngapi?"

"Saa kumi."

"Saa kumi." Mama yule alitikisa kichwa. "Jana saa kumi na moja nilipita mbele ya salon yake. Nilikuwa nakwenda kununua uzi. Alinisalimu, nikamjibu, nikafurahi moyoni kwamba siku hizi naweza kumjibu bila magoti kunilegea. Na wewe ulikuwa umejifungia na komeo."

"Nisamehe, Maman."

"Miaka mitatu nimemjua mimi peke yangu. Nilihama kutoka karibu naye nikaja huku, nikawaambia watu kwamba huku fundi hupata kazi kwa urahisi. Hakuna aliyejua sababu. Ulikuja na karatasi yako, ukanisomea vizuri, na mimi nikawaza, huyu amesoma, karatasi yake itanishika." Alivua subana kidoleni, akaiweka juu ya mashine. "Lete simu."

Eugénie akampa.

"Futa. Mbele yangu. Na ile uliyoandika kwenye kompyuta, futa."

"Nitafuta. Yote."

"Hata kama wanakunyima shahada?"

"Hata kama."

Alifuta pale pale, akamwonyesha skrini. Dakika arobaini na mbili zikaondoka kwa kidole kimoja. Sura ya nne ya tasnifu, iliyosimama juu ya rekodi ile, ikaondoka nayo. Eugénie hakusikia uchungu wowote. Nafasi ya uchungu ilikuwa imejaa hofu.

Darlène alikuwa amesimama pembeni na soksi zake zilizolowa. "Maman," akasema, "mi sikusema jina yako. Aliniuliza mara mbili."

Irangabiye akafungua sanduku la nguo, akatoa sketi ndogo ya sare isiyo na vifungo bado, akampa. "Vua hiyo iliyolowa," akasema. Alifunga cherehani kwa kitambaa, akajitanda khanga, na wote watatu wakatoka kwa mlango wa nyuma. Kabaza mbili ziliwafikisha ofisi ya ulinzi saa kumi kasoro dakika chache, mlinzi akiwa tayari ameshika kufuli. Afisa alikuwa akiwangoja; Daktari Nyirongo alikuwa ameshampigia.

Usiku ule Irangabiye hakurudi kwake. Siku ya nne gari lilikuja kuchukua cherehani na sanduku lake, na aliyeulizwa amepelekwa wapi hakusema, wala Eugénie hakuuliza mara mbili. Irangabiye hakuaga.

Bucumi aliitwa akahojiwa. Eugénie aliandika maelezo yake na kuyatia sahihi, jina lake kamili, kurasa tatu. Wiki moja baadaye kinyozi alikuwa amerudi kazini. Waliambiwa uchunguzi wa mambo ya zamani, tena ya nchi nyingine, huchukua muda. Waliambiwa wampigie afisa wakiona lolote. Eugénie aliona mengi: mwanaume aliyesimama muda mrefu mno karibu na pampu, alama ya kiatu karibu na dirisha. Alipiga simu mara mbili. Mara ya tatu aliona aibu kupiga.

Habari zilivuja, kama zinavyovuja mahali ambapo kuta ni nyembamba. Wanawake wawili wengine walikuja mmoja mmoja kumwambia afute na zao. Alifuta. Walibaki saba. Kamati ya chuo ilimwandikia barua ya onyo na kumpa mpaka Desemba kuandika upya, na Daktari Nyirongo akamwambia ashukuru. Alishukuru. Aliandika mezani, Darlène ameketi miguuni pake na kalamu za rangi, mlango umefungwa kwa komeo katika joto lile la Septemba lililoanza kupanda. Mtoto hakuomba simu tena. Hakuomba pia kutoka nje kucheza, na Eugénie, ambaye zamani angetoa chochote apate saa moja ya ukimya, sasa aliuogopa ukimya huo.

Siku ya kufungua shule Darlène alivaa ile sketi, ambayo Eugénie aliishonea vifungo mwenyewe, vibaya. Hata chai hawajamaliza, mlango ukagongwa.

"Odi! Darlène! Twende!"

Ilikuwa ni Kaneza, kama kila muhula. Alikuwa na mkoba mpya na nywele zilizonyolewa vizuri kwa ajili ya shule. Darlène aliweka kikombe chini, akamtazama mama yake. Alingoja tu.

Eugénie aliwaza kumwambia Kaneza atangulie. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Alimtazama mtoto yule mlangoni, miaka saba, anayehamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine kwa haraka ya kwenda kukaa dawati la mbele. Akachukua shali lake. "Leo tunaenda wote," akasema.

Alitembea katikati yao, kila mtoto na mkono wake. Njia ya shule ilikuwa moja, na kwenye kona ilipita mbele ya salon. Bucumi alikuwa akifungua mbao za dirisha. Aliwaona wakija, akasimama na ubao mikononi.

"Mmeamkaje, Mama Darlène?"

Watoto wote wawili walimwangalia kusikia atajibu nini.

"Tumeamka vizuri," Eugénie akasema.

Walipita. Alihisi macho ya mtu yule mgongoni mpaka wakafika kwenye mteremko wa shule, au labda hayakuwepo kabisa, hakuthubutu kugeuka.

"Mama," Darlène akanong'ona, "unaniumiza mukono."

Eugénie alilegeza vidole, kidogo tu.